Adui wa kike asiyemlilia mwanamume

Agosti 2024, mfululizo wa katuni wa Batman: Caped Crusader ulipoanza kuonyeshwa Prime Video, adui mmoja mkongwe alirudi kazini akiwa mwanamke. Penguin, yule mfupi mnene wa mwavuli ambaye wasomaji wa majarida ya katuni ya Marekani wanamfahamu tangu mwaka 1941, humo haitwi tena Oswald Cobblepot. Ni Oswalda, kwa sauti ya mwigizaji Minnie Driver, mwimbaji mwenye klabu inayoelea majini, na nyuma ya klabu hiyo anaendesha genge. Tangu hapo, kila anapotajwa mhusika mwingine wa zamani kubadilishwa jinsia, ubishi ni uleule, na huku Dodoma hutufikia kwa vipande vifupi vya video kwenye simu, vikiwa vimeshakatwakatwa na kuwekewa maneno ya hasira. Wapo wanaosema Wazungu wameishiwa hadithi na sasa wanaharibu zile tulizokua nazo. Wapo wanaosema ni tusi kwa wanawake, kana kwamba hawajasingiziwa vya kutosha. Na wapo wanaopiga makofi kwa sababu tu ni mwanamke, basi.

Nadhani wote watatu wanatazama gauni na kusahau kiti. Adui wa kiume akigeuzwa mwanamke hurithi kiti kilichochongwa kwa ajili ya mwanamume, na kiti cha namna hiyo hakikuwekewa mapenzi ndani yake. Penguin hakuwa jambazi kwa sababu aliachwa. Alikuwa jambazi kwa sababu alitaka fedha, jina na sauti mjini. Mwanamke akikalia kiti hicho kama kilivyo, anapata kitu ambacho wanawake wabaya wa hadithi, za kwao na za kwetu, hawajapewa kirahisi: ubaya wenye sababu zake wenyewe, usiopitia kwa mume, hawara, mke mwenza wala kioo cha kujitazamia uso. Kwa hiyo la kuuliza kuhusu Oswalda si kama anastahili kuwapo. La kuuliza ni kama kiti amekabidhiwa kizima au kimekatwa miguu kabla hajakaa.

Tuwaangalie waliomtangulia. Filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya Disney, Snow White ya mwaka 1937, ilimpa malkia mamlaka yote ya nchi, kisha ikamwonyesha akiyatumia kumwinda binti wa kambo kwa sababu kioo kimesema binti ni mzuri kuliko yeye. Maleficent, katika Sleeping Beauty ya mwaka 1959, alimlaani mtoto mchanga kwa kuwa hakualikwa kwenye sherehe. Ursula, katika The Little Mermaid ya mwaka 1989, alikuwa na kichwa cha mwanasheria: ana mikataba, anajua kuweka masharti, anataka enzi ya bahari nzima. Lakini hata yeye njia waliyomchorea ilipitia harusini. Ikabidi ajigeuze msichana mzuri amnyang'anye mwenzake mchumba. Wa kumtoa kwenye orodha hii ni Cruella, katika One Hundred and One Dalmatians ya mwaka 1961. Huyo hakutaka mwanamume, hakutaka kumpita mtu kwa sura, alitaka ngozi za vitoto vya mbwa ashonewe koti. Nahisi ndiyo maana watu wanamkumbuka mpaka leo wakati majina ya waliomshinda yamewatoka.

Upande wa Batman, wanawake wabaya hawakukosekana. Catwoman yupo tangu mwaka 1940, mwaka mmoja kabla ya Penguin. Poison Ivy alikuja mwaka 1966. Harley Quinn alibuniwa na Paul Dini na Bruce Timm kwa ajili ya katuni ya Batman ya televisheni iliyoanza mwaka 1992. Sasa tazama walichopewa. Catwoman anaiba, ila kisa chake kikubwa ni kupendana na anayemkimbiza, Batman mwenyewe. Ivy anatetea mimea, lakini silaha aliyosifika nayo ni busu lenye sumu. Harley alikuwa daktari wa akili aliyempenda mgonjwa wake, Joker, akaacha kazi, akavaa nguo za mchekeshaji ili awe naye. Ukiwaondolea mapenzi hawa watatu, hasa wa kwanza na wa mwisho, kinachobaki ni kidogo. Ukimwondolea Penguin mapenzi, hupunguzi kitu cha maana. Kinachonivutia ni kwamba Bruce Timm huyohuyo ndiye mmoja wa waliosimamia mfululizo wa 2024. Miaka 32 baada ya Harley, Penguin anakuwa mwanamke, na ndani ya mfululizo huohuo Harley anatenganishwa na Joker na kuwa mwanasaikolojia mwenye mipango yake. Mabadiliko hayo mawili ni wazo moja, na wanaobishana juu ya la kwanza bila kulitazama la pili wamesoma nusu ya barua.

Mfano ulio wazi zaidi ulitangulia miaka sita. Doctor Octopus, aliyebuniwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1963 kumsumbua Spider-Man, ni mwanasayansi mwenye mikono ya chuma inayoota mgongoni. Miaka ya 1990 majarida yalimpa mwanamke aitwaye Carolyn Trainer jina hilo na mikono hiyo. Alikuwa mwanafunzi wa yule mzee, kazi yake kubwa ikawa kumfufua mwalimu, na mwalimu alipofufuka akamrudishia vyake. Hapo mwanamke alishikizwa kiti tu. Kisha ikaja filamu ya katuni ya Spider-Man ya mwaka 2018, ile iliyochukua Oscar mwaka uliofuata, na ndani yake Octopus ni Olivia Octavius, kwa sauti ya Kathryn Hahn: mkuu wa maabara, nywele timutimu, miwani mikubwa, mchangamfu kama mwalimu wa sayansi unayempenda. Hamlindi mwalimu yeyote wala hamlilii mtu. Anataka kuona mtambo wake utafanya nini, na ulimwengu ukichanika katikati ya jaribio, yeye atakuwa anaandika vipimo.

Filamu hiyo niliitazama kwa mara nyingine kwenye kibanda umiza kimoja hapa mjini: mabenchi ya mbao, turubai mlangoni, televisheni juu ya kreti za soda zilizopangwa mbili mbili, watoto wa shule mbele na madereva wa bodaboda nyuma. Anayetafsiri hakuwapo, sauti yake ilikuja na movi kwenye flashi, imepandishwa juu ya Kiingereza. Alikuwa anafanya kazi nzuri mpaka Octavius alipochomoza mikono yake. Hapo akapachika la kwake: "Huyu mama aliachika, ndiyo maana ana roho mbaya!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Hakuna mahali filamu inaposema aliachika. Hakuna mume, mchumba wala talaka. Mtafsiri aliona mwanamke mwenye akili nyingi na ubaya mwingi, akatafuta sababu, na iliyokuwa karibu na mdomo ilikuwa hiyo. Cha ajabu ni kwamba kwenye filamu hiyohiyo yupo adui anayefanya yote kwa kulilia ndoa. Ni Kingpin, jitu la miraba minne linalojenga mtambo ule ili limpate tena mke na mtoto waliokufa. Huyo hakuna aliyemtania.

Simlaumu mtafsiri. Amelelewa na hadithi zilizotulea sote: mama wa kambo anayemnyima yatima chakula, mke mwenza anayepeleka jina la mwenzake kwa mganga, mama mkwe asiyetulia mpaka ndoa ya mwanawe ivunjike, na bibi kizee wa nyumba ya mwisho kijijini. Ukihama kutoka kwenye hadithi za jioni kwenda kwenye filamu zetu za Bongo, unawakuta walewale wamevaa wigi. Adui wa kiume kwenye filamu hizo ana shughuli: ni tajiri wa madawa, ni mwenyekiti anayekula fedha za kijiji, ni askari wa rushwa, ni jambazi mwenye ramani ya benki. Mwanamke mbaya ana ndoa tu, yake au ya mwenzake. Na haya yanaendelea katika nchi ambayo rais wake tangu Machi 2021 ni mwanamke, na katika mji ambao bunge lake liliongozwa na Anne Makinda kuanzia 2010 hadi 2015, kisha na Tulia Ackson kuanzia 2022 hadi 2025. Mtoto wa Dodoma amezoea kuona msafara ukisimamisha barabara na ndani ya gari kubwa amekaa mama. Mamlaka yamebadilika sura mbele ya macho yake. Adui wa hadithi anazosimuliwa bado yuko jikoni anatia kitu kwenye mboga.

Sasa nije kwa wapinzani, nianze na hoja iliyo dhaifu kuliko zote, kwa bahati mbaya ndiyo inayopigiwa kelele zaidi: kwamba mhusika ana asili yake, na kumgusa jinsia ni kuipotosha. Penguin amepotoshwa sana kabla ya leo. Kuna alikoonekana bwana wa kofia ndefu na miwani ya jicho moja, kuna alikokuwa kiumbe wa kutisha aliyekulia kwenye mifereji ya maji machafu, kuna alikotulia na kuwa mfanyabiashara wa klabu. Kila safari mashabiki wamemeza bila kutafuna. Lakini ushahidi ninaoupenda hautoki Marekani, unatoka Ngorongoro.

Disney walipokuwa wanatayarisha The Lion King ya mwaka 1994, wachoraji wao walikwenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuchora fisi hai waliokuwa wakifugwa pale kwa utafiti. Miili waliinakili vizuri. Utaratibu wa jamii ya fisi wakauacha palepale. Katika filamu, simba dume, Scar, ndiye bwana wa fisi wote, na Shenzi, fisi jike mwenye sauti ya Whoopi Goldberg, ni mmoja wa wachekeshaji watatu wanaotumwa na kufokewa. Sasa msikilize Hans Kruuk, aliyewafuatilia fisi madoa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960. Alikuta kwamba sehemu kubwa ya wanachokula wamekiwinda wenyewe, na kule Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliokuwa wakifika kula kilichouawa na fisi. Utafiti mwingine unaoendelea kreta tangu mwaka 1996 umeifuatilia jamii hiyo kizazi hadi kizazi, na picha yake ni hii: jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye anayetawala, mtoto hurithi cheo cha mama yake, na dume akishakua kwa kawaida huhamia kundi lingine, anakoanzia mkiani mwa foleni. Kwa hiyo aliyewapa fisi mtawala dume ndiye aliyebadilisha jinsia, na alifanya hivyo miaka thelathini kabla ya Oswalda bila mashabiki kunung'unika. Filamu iliporudiwa mwaka 2019, Shenzi, safari hii kwa sauti ya Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, alikuwa kiongozi wa ukoo, hacheki hovyo, ana ugomvi wake na simba ulioanza kabla ya Scar kuja na ahadi zake. Aliyedhani pale Disney inapindua mambo, ajue ilikuwa inayanyoosha.

Nasi tusijifanye wema. Katika hadithi za Sungura na Fisi, tangu vitabu vya shule ya msingi hadi redioni, fisi ni bwana mmoja mlafi, mjinga, anayedanganywa kila siku na haelimiki. Huku kwetu kati, ambako usiku wa kiangazi bado anasikika akilia pembeni mwa vijiji, jike lake tumelikumbuka kwa jambo moja tu: kuwa usafiri wa wachawi. Kwa Wambugwe, kaskazini kidogo ya Kondoa, imani ya wachawi kufuga fisi na kuwapanda usiku imeandikwa na watafiti tangu zamani. Yaani mnyama ambaye kwao jike ndiye mwenye serikali, sisi tumemfanya ama dume zezeta ama farasi wa bibi kizee. Mwandishi wa katuni anayetafuta adui mpya ana malkia tayari hapa, mwenye ukoo, mipaka ya kulinda na warithi, na hahitaji kumkopa kutoka kokote.

Ipo hoja nyingine, ndugu wa ile ya asili, kwamba mambo ya kubadilishana nafasi za kike na kiume si ya kwetu, yameletwa. Anayesema hivyo akiwa Dodoma ana bahati mbaya ya mahali. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika juu ya tambiko lililofanywa balaa lilipoingia, hasa magonjwa ya mifugo. Wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha zao, wakaenda kuchunga ng'ombe, wakawa wakali kama walivyotarajiwa kuwa wanaume, kisha wakaenda kulitupa balaa nje ya mipaka ya nchi yao. Nafasi ziligeuzwa makusudi, kwa muda, ili hali mbaya nayo igeuke. Na hata leo ukikuta ngoma ya muheme ikipigwa, wenye ngoma katikati ya mapaja ni akina mama. Sisemi wazee wa Ugogo wangeipenda katuni ya Batman. Nasema wazo kwamba mwanamke akichukua zana za mwanamume kwa muda jambo zito linaweza kutendeka, hawakulisubiri liletwe na ndege.

Hoja ya biashara ina nguvu zaidi, na sehemu yake naikubali. Kampuni yenye majina ya zamani hupata faida mara mbili ikiyabadilisha jinsia: haijihatarishi kwa mhusika asiyejulikana, na mashabiki wenye hasira humtangaza bure. Kama nia ingekuwa kuwapa wanawake ubaya wenye heshima zake, wangebuni mpya. Zaidi ya hapo, cha kurithi kina mwenyewe. Septemba ya mwaka uleule wa 2024, mwezi mmoja tu baada ya Oswalda, HBO walianza kuonyesha tamthilia ya Penguin akiwa mwanamume, Colin Farrell ndani ya sura ya bandia, na hiyo ndiyo iliyotikisa mji. Oswalda alikuwa mgeni kwenye nyumba ya Oswald hata kabla kiti hakijapata joto. Pamoja na hayo, hoja hii inaeleza kwa nini wenye fedha waliruhusu, haielezi kilichoandikwa. Biashara ileile ndiyo iliyomleta Carolyn Trainer wa kushika nafasi na Olivia Octavius wa kuikalia, na hao wawili hawafanani hata kidogo.

Inabaki hoja ninayoiheshimu kuliko zote: ya wanaosema wanawake wameshachorwa wabaya vya kutosha, na kwamba katika nchi hii picha ya mwanamke mbaya huua. Huua kweli. Rudi kwa yule malkia wa 1937. Alipotaka kutenda uovu wake mkubwa hakuchukua upanga, alikunywa dawa akawa kikongwe: mgongo umepinda, pua ndefu, meno yamepukutika, macho yamemtoka. Mtazamaji mdogo alifundishwa kwa dakika moja kwamba uovu una umri na una jinsia. Kwetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hasa Kanda ya Ziwa, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ni macho mekundu. Sisi wa Dodoma tunapaswa kuyaelewa macho hayo kuliko mtu mwingine yeyote, maana tunayo Kongwa. Wilaya hiyo imetafitiwa kwa ajili ya trakoma, ugonjwa wa vikope, tangu miaka ya 1980. Vimelea vyake hutoka kwenye macho na pua za watoto wadogo, vikahama kwa vidole, kwa ncha ya khanga ya kumfutia mtoto uso, kwa nzi. Mtu akiambukizwa mara nyingi kwa miaka, ukope hupata makovu, hukunjamana, na nywele za kope hugeukia ndani zikawa zinakwaruza mboni kila anapopepesa. Wanawake huumia zaidi ya wanaume kwa sababu ndio wanaokaa na watoto. Wengine hujing'oa kope hizo moja moja kwa kikoleo, wamekaa mlangoni panapopata mwanga, machozi yanawachuruzika. Ongeza moshi wa kuni wa miaka hamsini. Mwanamke aliyeharibika macho kwa kulea watoto na wajukuu ndiye anayekuja kutazamwa kama mtu anayewala.

Lakini hoja hii, kwa uzito wake wote, haimpingi Oswalda. Inampinga malkia wa 1937. Picha inayohatarisha bibi wa Kongwa ni ile inayoandika uovu mwilini, kwenye umri, kwenye macho, kwenye kukaa peke yako bila mume wala mwana. Octavius hana hata kimoja. Ubaya wake upo kwenye uamuzi: alijua mtambo utaua, akauwasha. Adui wa namna hiyo anamfundisha mtoto kutazama mtu anafanya nini na anafaidika nini, badala ya kumkagua macho. Ndiyo maana nasema tunawahitaji wanawake wabaya zaidi kwenye katuni, ila wa aina ile nyingine. Oswalda mwenyewe hapa hajasalimika kabisa. Kiti cha Penguin kilikuja na uchafu wake, kwa sababu tangu 1941 sehemu ya kumcheka ilikuwa ufupi na unene wake, na mwanamke mnene huchekwa kwa ukatili zaidi ya mwanamume mnene. Wamemvika vizuri na kumpa jukwaa, lakini mzaha wa kale bado umelala chini ya gauni.

Kuna hatari nyingine ambayo wapiga makofi hawaitaji, nayo ni kusafishwa. Mwaka 2014 Maleficent alirudi kwenye filamu ya waigizaji hai, na tukaambiwa hakuwa mbaya: mwanamume aliyempenda alimkata mabawa ili apate ufalme, na laana yake ni kidonda. Mwisho wa filamu amekuwa mlezi wa mtoto aliyemlaani. Mwaka 2021 ikafika zamu ya Cruella, yule niliyemtoa kwenye orodha. Sasa mama aliyemlea alisukumwa kutoka ukingo wa jabali na mbwa wa madoa, na yeye mwenyewe hamchuni mbwa hata mmoja. Wengi waliona ni heshima. Mimi naona kapokonywa. Wanaume nao siku hizi hupewa vidonda vya utotoni, najua, lakini angalia kidonda kinafanya kazi gani. Cha mwanamume hueleza ametokea wapi na kumwacha hatari kama alivyo. Cha mwanamke humtakasa, kikamrudisha kwenye ulezi na mapenzi, palepale alipotolewa. Mtafsiri wa kibanda umiza na studio ya Hollywood wamefika mahali pamoja kwa njia mbili: wote wawili hawaamini kwamba mwanamke anaweza kuamua ubaya bila kwanza kuumizwa na mtu.

Kwa wanaotunga hapa nyumbani, na sasa wapo, maana tangu mwaka 2014 watoto wetu wanatazama Ubongo Kids iliyotengenezwa Dar es Salaam na wala hawashangai katuni kusema Kiswahili, maana yake ni ya vitendo. Wasimchukue Penguin. Wachukue alichopewa: shughuli, akili, tamaa na nafasi ya kurudi sehemu inayofuata. Ningekuwa na kipaji cha kuchora, adui wangu angekuwa fisi jike, dalali wa viwanja Dodoma. Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikavunjwa mwaka uliofuata, ardhi iliyokuwa ya mtama na mbuyu ikawa gumzo la kila mtu mwenye akiba kidogo. Fisi wangu ana ofisi ya chumba kimoja, ramani ya mipango miji ukutani, simu mbili mezani, na tabasamu. Kiwanja kimoja anamwuzia swala aliyehamishiwa wizarani, anamwuzia pundamilia mstaafu, anamwuzia na sungura anayejiona mjanja kuliko wote. Kila mmoja anampa karatasi yenye muhuri. Hana macho mekundu. Ana binti anayemfundisha kazi, kama fisi wa Ngorongoro wanavyorithisha cheo, na madume wa ukoo ndio anaowatuma kupanda bikoni usiku.

Najua mhariri wa kwanza atakayesoma muswada huo atauliza nini. Atauliza huyu mama aliumizwa na nani, mume alikwenda wapi, na kama hatuwezi kuweka kipande kidogo cha utotoni ili watazamaji wamhurumie. Jibu ni kwamba hakuumizwa na mtu. Alisikia serikali inahamia Dodoma, akapiga hesabu.